Akiba ya Inchi Mbili

Asubuhi tuliyomzika Kukhu, zipu ya gauni langu la bluu ilikataa kupanda. Ilifika chini ya mbavu ikasimama. Nilishikilia pumzi nikaivuta, kisha nikalala chali kitandani nikaivuta tena, na bado ikasimama palepale. Mwishowe niliifunga kwa pini mbili, nikajitanda leso mabegani, nikasafiri kutoka Bungoma mjini hadi Sirisia nikiwa nimekaa wima kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Gauni hilo nilishonewa Kitale nikiwa na miaka kumi na tisa. Limefumuliwa mara mbili tangu wakati huo, mara ya kwanza baada ya kuzaa, mara ya pili bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja, na fundi aliyelifumua mara ya mwisho aliniambia kwamba kitambaa cha ndani kimekwisha. Njia nzima nilikuwa nikiomba jambo moja, ambalo naona aibu kuliandika kwa sababu ilikuwa siku ya maziko: nilikuwa nikiomba Senge Rosa asinione.

Senge Rosa ni dada ya baba yangu, na Kukhu alikuwa mama mkwe wake, ingawa sote tulimwita Kukhu, nyanya, kama kwamba alituzaa. Nilimkuta Senge jikoni nyuma ya nyumba, akiwagawia kazi wanawake wa kupika, ana miaka karibu sitini na kiuno chake bado kinaonekana chini ya leso. Alinishika mikono miwili. Macho yake yakaenda usoni, yakashuka begani, yakatua pale nilipokuwa nimeikunja leso ili kuficha pini. Senge ni fundi wa nguo, na fundi hawezi kujizuia, hata katika msiba. "Pole, mama, umefika," akasema. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua anachokijua, na siku yote hiyo, wakati wazee wanasema maneno yao na udongo unaingia, nilikuwa nusu pale kaburini na nusu Kitale, katika mwaka ule niliokaa kwake nikisubiri kuitwa chuoni Kibabii.

Alikuwa na vyumba viwili katika safu ya maduka nyuma ya msikiti. Cha mbele kilikuwa cha kushona, cha nyuma cha kuishi, na katikati hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la bitana ya rangi ya maziwa iliyobaki kwenye kazi ya harusi fulani. Asubuhi za Kitale ni za baridi, na mimi niliamka kwa adhana, kisha kwa sauti ya Senge akipuliza makaa ya pasi, kisha kwa harufu ya chai. Chai hiyo ilikuwa ya maziwa matupu, nzito, na sukari ilitiwa ndani ya sufuria kabla ya kuchemka ili mtu asipate nafasi ya kusema hataki. Pamoja nayo palikuwa na mandazi, au viazi vitamu, au chapati za jana zilizopashwa moto kwa mafuta mapya. Mchana ugali na nyama. Jioni ugali, na kama kuna mgeni, kuku. Sijawahi tena kula kwa furaha kama nilivyokula katika chumba kile, nikiwa nimekaa juu ya robota la vitambaa, sahani magotini, nikimsikiliza Senge akiwasema wateja wake kwa upendo.

Alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa kama ofisi aliyochaguliwa kuishika. Mumewe, Baba Timo, aliendesha lori la mahindi, akawa anarudi Ijumaa jioni, na kila akirudi alikuwa na maneno ya kumtania. Alipenda kuwaambia watu kwamba mke wake akiketi kanisani, benchi zima linapata habari. Senge naye alijibu kwamba benchi ni la kanisa, mke ni wake, atafute la kusema kuhusu kilicho chake. Walicheka sana, wale wawili. Pazia la bitana halizuii kicheko, na mimi niliyajifunza mambo mengi ya ndoa kwa kukaa upande wa pili wake nikifunga vifungo.

Kazi yake kubwa ilikuwa nguo za bibi harusi, na alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake wote waliijua. Kila ubavu wa gauni la harusi aliacha akiba ya inchi mbili za kitambaa, zimekunjwa ndani, zimeshikwa kwa mshono mwepesi. Alisema bibi harusi hashonewi mwili alionao, anashonewa mwili atakaokuwa nao akitunzwa. Baada ya mwaka au miwili bibi harusi alirudi na gauni, au na suti ya kanisani aliyoshonewa pamoja nalo, likafumuliwa kidogo, na hiyo ilikuwa sherehe ndogo yenye soda na vicheko. Asiyerudi aliulizwa habari zake kwa sauti ya chini. Senge alikuwa na daftari lenye jina la kila mmoja, kipimo cha kiuno siku ya kwanza, na nafasi tupu ya kipimo cha pili, na nafasi ikijazwa kwa namba kubwa alilifunga daftari kama mtu aliyemaliza sala.

Yeye mwenyewe alikuwa na gauni la kijani la kwenda nalo Sirisia kila Desemba. Kabla ya safari alilifumua kiasi cha upana wa kidole. Kukhu alimngoja langoni, akamkumbatia, na wakati wa kumkumbatia alipitisha kiganja ubavuni mwake kutafuta mshono mpya. Akiupata alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Maana yake ilikuwa kwamba mwanawe ni mwanamume, mkewe anakula, nyumba imesimama. Niliiona mara moja nikiwa mtoto na nikaona ni jambo zuri kuliko yote niliyoyaona. Hata leo nikiwa nayajua ninayoyajua, siwezi kusema lilikuwa jambo baya. Lilikuwa upendo, na lilikuwa na mkono wa kulipimia.

Kilichobadilisha mwaka ule kilianzia shingoni. Senge alikuwa na weusi nyuma ya shingo, mkanda mpana wa ngozi nyeusi iliyokuwa laini na nzito kama mahameli, na alikuwa na hakika kwamba unatokana na utepe wa kupimia. Aliuvaa shingoni kutwa, na ulikuwa wa bei ya chini, basi ukawa unatoa rangi. Alisugua kwa jiwe, kwa limau, kwa sabuni ya mche. Akanunua utepe mpya mweupe. Weusi haukutoka. Wakati huohuo alikuwa anasinzia baada ya kula, kichwa kikiegemea cherehani, na tukacheka kwamba cherehani imemwimbia.

Mwezi wa pili akaja kijana mmoja kupunguza suruali. Alikuwa daktari katika zahanati ndogo si mbali na hapo, jina lake Swaleh, na familia yao ilikaa upande wa pili wa msikiti. Senge alipiga magoti kumpima urefu wa mguu, na yeye kutoka juu akaiona shingo. Akauliza kwa adabu weusi ule ni wa tangu lini. Senge akamwambia ni utepe, unatoa rangi. Yule kijana akasema, "Mama, kesho usinywe chai. Kuja zahanati na njaa yako."

Senge alirudi na habari kwamba hajaugua ila yuko mlangoni. Ndivyo daktari alivyomwambia: sukari yake imesimama kizingitini, mguu mmoja ndani. Alimweleza mengine mengi, ila Senge alisikia neno moja tu, sukari, na akarudi nyumbani akaitoa sukari kwenye sufuria ya chai kwa ushujaa ulionifanya nimheshimu. Alikunywa chai chungu akikunja uso. Na kwa kuwa alikuwa amejinyima, alijipa pole: chapati mbili zikawa nne, ugali ukapanda, nyama ikapikwa na mafuta yake yote, maana mafuta hayana sukari na ugali hauna utamu. Wateja walimsifu. Miezi mitatu tuliishi hivyo, tukiwa na uhakika kwamba adui yuko nje ya nyumba.

Mwezi wa tano nilimsindikiza kurudia kipimo. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kina kalenda ya duka la mbolea na kitanda chenye shuka lililokunjwa vizuri. Namba zilikuwa zimepanda. Senge alisema mashine imeharibika, kwa sababu tangu Februari hajaonja hata kijiko. Swaleh akamuuliza anakula nini, naye akataja vyote kwa fahari, na yule kijana akashika kichwa, kisha akaomba radhi kwa kushika kichwa. Akasema kosa ni lake, hakueleza vizuri. Akachukua kikaratasi cha dawa akachora tumbo upande wa nyuma.

Nayakumbuka maneno yake kwa sababu nimekuja kuyahitaji. Alisema mafuta ya chini ya ngozi na mafuta yanayojazana ndani, katikati ya matumbo, si ndugu sawa. Yale ya ndani hayalali. Chembe zake zikijaa kupita kiasi zinaumia, nyingine zinakufa, na mwili unatuma walinzi wake kwenda kusafisha, walewale wanaokuja ukijikata wembe na kidonda kikavimba. Lakini kidonda hupona na walinzi wakarudi nyumbani. Pale ndani hakiponi. Walinzi wanabaki, wanaongezeka, na sumu zao wanazotoa zinaingia kwenye damu pole pole, mchana na usiku, uvimbe usioonekana na usiouma. Misuli na ini vikikaa ndani ya hali hiyo vinaanza kutoisikia insulini, ile inayofungulia sukari mlango. Basi kongosho linatengeneza nyingi zaidi, na zaidi. Mwisho uvimbe unafika hata kwenye kongosho lenyewe, na chembe zinazotengeneza insulini zinachoka na kufa. "Na zikifa, mama, hazirudi kirahisi," akasema. "Hiyo ndiyo naogopa. Za kwako bado ziko."

Senge akauliza kama wanene wote wana hiyo. Swaleh akasema hapana, wako wanene ambao damu yao haina neno na wembamba wanaougua, mambo ya ukoo yamo pia, lakini yeye damu yake imeshasema, na shingo yake ilisema kabla ya damu. Senge akauliza kama atakufa. Akaambiwa akiacha hivi ataingia ndani ya mlango, na huko ndani kuna macho na figo na miguu, ila akitaka bado anaweza kurudi nje. Mpaka mwaka uishe wangejua. "Sitaki ukonde," daktari akasema. "Nataka inchi mbili zipungue. Inchi mbili tu za kiuno."

Nadhani ni zile inchi mbili zilizomchoma. Alipofika nyumbani aliketi mbele ya cherehani, akalifungua bamba la chini, jambo alilofanya kila mwezi, na ndani mlikuwa na vumbi la nyuzi, limeshikana na mafuta likawa kama sufi chafu kuzunguka kile kidude cha bobini. Wiki hiyo alikuwa ameshona turubai la mtu kwa sindano ya hariri kwa sababu hakutaka kumkatalia. Alichokoa vumbi kwa ncha ya sindano, akaliweka kiganjani, akaniita. Akasema yule kijana angeanza hapa badala ya kuchora. Kitambaa kinakuwa kizito kila siku, sindano ni ileile, mashine inasukuma, inapata moto, na vumbi limeingia mpaka ndani. "Mimi mashine hii siwezi kuitesa hivi," akasema. "Lakini mwenyewe nimejitesa."

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika harufu. Ugali ukawa wa wimbi, yaani ulezi, na muhogo, kipande cha kutosha kiganja, na sahani ikajaa mboga za mrenda, saga na kunde. Chai ikawa ya maji na maziwa kidogo. Mandazi yakahama. Asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, tulitembea, yeye mbele na mimi nyuma nikiwa na usingizi, tukipanda barabara yenye miti hadi pale mlima Elgon unapoonekana wote kukiwa hakuna ukungu, kisha tukarudi. Mwanzoni alisimama kila nguzo ya umeme akijifanya anaitazama bustani ya mtu. Mwezi wa saba hakusimama tena. Aliacha kusinzia kwenye cherehani. Na gauni lake la kila siku likaanza kumning'inia.

Watu waliona kabla hajafurahi. Mwenye duka la vifungo jirani yetu, Mama Zuhura, aliyempenda sana, alikuja na mkate na kilo ya sukari, akaketi, akamshika goti, akaongea kwa sauti ya hospitali. Wengine walisema Senge ana ugonjwa usiotajwa. Wengine walisema ana shida ya moyo, maana Baba Timo anapakia mahindi Ndalu kila wiki na huko Ndalu kuna nini kama si mwanamke. Bibi harusi mmoja alipeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine; fundi anayepungua angempa bahati gani? Senge alipokea mkate, akashukuru, na Mama Zuhura alipotoka akampa mlinzi wa maduka.

Jumapili moja mchana niliwasikia, yeye na mumewe, nyuma ya pazia. Sikuwa nimekusudia kusikiliza, ila nyumba ya vyumba viwili haina siri. Baba Timo hakuwa anacheka. "Rosa, watu wananiuliza kama mahindi yote nauza, ati hakuna ninayoleta nyumbani," akasema. Senge akamwambia awajibu. Akasema atawajibu nini, mke wa mtu anaisha na mtu anasema ati ni vizuri? Na Desemba wanaenda Sirisia, mama yake atampapasa pale langoni mbele ya ukoo wote. Kisha nikasikia Senge akisema kwa sauti ambayo sikuijua, "Unanitaka mnene na kipofu?" Yeye akasema hapana, haraka, akarudia hapana. Halafu akasema jambo ambalo nalikumbuka kwa huruma, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta pa kusimama: si avae hata petikoti mbili tatu chini, mpaka Desemba ipite.

Basi mimi na Senge tulishona petikoti. Ndiyo kazi yangu ya kwanza niliyoishona mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, petikoti tatu za kitambaa kizito, moja ikiwa na sufi nyembamba nyongani. Mwanamke aliyekuwa anapona alivaa ugonjwa wake kila asubuhi kama sare, akashinda nao kutwa akitoka jasho, akauvua jioni. Sifa zikarudi. Bibi harusi yule akarudi pia. Mama Zuhura akasema sala zake zimejibiwa. Nami niliona mchezo mzuri, nikacheka, mpaka siku nilipomkuta Senge ameketi na petikoti zote tatu mapajani, akizitazama, akaniuliza kama nadhani mtu anaweza kujificha hivi maisha yake yote bila siku moja kuchoka na kula tu.

Desemba tulifika Sirisia kukiwa na jua. Kukhu alikuwa langoni, mdogo, mkavu mikono, tumbo lake mbele yake kama alivyokuwa siku zote. Alimkumbatia Senge, na kiganja chake kikapita ubavuni. Nilimwona akitafuta. Kilirudi juu, kikashuka tena. Hapakuwa na mshono mpya, na chini ya kijani palikuwa na kitu kilichobonyea kama mto. Hakupiga vigelegele. Alisema tu tuingie, chakula kiko tayari.

Wanawake tulikula jikoni. Moto ulikuwa mkubwa, na Kukhu alimwandalia mkaza mwana wake kwa mkono wake mwenyewe: ugali mweupe wa kutosha watu watatu, paja la kuku na mgongo wake, mchuzi ukielea mafuta ya manjano. Kila mtu alimtazama Senge. Alianza. Alimega, akachovya, akala, akamega tena, na jasho likawa linamtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kidevuni, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya zile petikoti tatu. Nilijua kipimo cha mwisho kiko Januari. Nilijua pia kwamba akimaliza sahani ile, kesho itakuja nyingine, na siku kumi za Krismasi zina sahani ngapi. Alisimamisha mkono. Akanawa. Akasimama, akaingiza mikono chini ya gauni, akafungua kamba ya kwanza.

Petikoti ilianguka sakafuni. Ya pili ikaifuata. Ya tatu, ile yenye sufi, ilishuka pole pole kama mtu anayeketi. Gauni la kijani lilibaki likimzunguka kama hema lililokosa mti. Binti mmoja wa ukoo alicheka, akazibwa mdomo.

Kukhu alizitazama petikoti kwa muda, kisha akauliza swali lake bila kupandisha sauti. "Rosa. Watu wakiniuliza kama mwanangu anakulisha, nitasema nini?"

"Sema alinilisha nikashiba, mama," Senge akasema.

Kisha akaketi, akamweleza. Hakutaja walinzi wala chembe. Alimweleza mashine, vumbi la nyuzi, kitambaa kizito, sindano ya hariri, na kwamba kuna kidude tumboni kinachoitwa kongosho ambacho kikichoka hakina fundi. Akamwonyesha shingo, ambayo ilikuwa imeanza kupauka, akasema kwamba mwaka mzima aliusingizia utepe. Akasema dalili nyingine za waliokwisha ingia mlangoni: kiu, mkojo wa mara kwa mara, miguu inayowaka. Alipotaja miguu niliona Kukhu akiivuta ya kwake chini ya leso.

Alikaa hivyo muda mrefu, akichokoa majivu kwa kijiti. Alikuwa akiamka mara tano kila usiku kwenda nje, na nyayo zake zilikuwa zikiwaka tangu mavuno ya mwaka uliopita, na alikuwa ameshasema moyoni kwamba ndio uzee. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule alisema maneno matatu tu.

"Nipime na mimi."

Senge akamwambia hiyo ya sukari inapimwa kwa damu, watampeleka. Kukhu akasema damu ni kesho, sasa hivi yuko hapa. Utepe ulikuwa umebaki Kitale. Senge akachomoa uzi mweusi kwenye kibweta chake, akauzungusha kwenye kiuno cha mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza yeye akiwa ndiye anayepapasa. Akaukata. Akapima kwa kidole gumba inchi mbili kutoka ncha, akapiga fundo. Kukhu aliushika uzi ule mbele ya moto, akaukunja, akauweka kwenye mkebe wake wa ugoro. Kisha akachukua sahani ya Senge, akaumega ugali ule katikati na tena katikati, akamrudishia robo.

Kukhu alikuwa amekwisha kuingia mlangoni, ndivyo walivyosema hospitalini. Walimpa vidonge, na Baba Timo, aliyewahi kutaka petikoti, ndiye aliyemletea wimbi kutoka Ndalu kila mwezi. Kipimo cha Senge cha Januari kilirudi nje ya kizingiti. Tuliporudi Kitale aliketi na gauni la kijani, akaingiza mishono ya mbavu zote mbili, na mimi nikasubiri akunje akiba ndani kama kawaida. Alichukua mkasi akaikata. Vipande viwili virefu vya kijani vilianguka miguuni mwake, akavitumia kufungia pazia. Wiki iliyofuata barua ya Kibabii ilifika, na akanishonea gauni la bluu la kwendea chuoni. Nilimwomba aniachie inchi mbili. Alifikiri sana na chaki mkononi. Akaniachia, akaniambia ni kwa ajili ya watoto nitakaozaa, ziwe njia ya kwenda na kurudi. Mimi nilisikia kwenda tu.

Kukhu ameishi miaka kumi na miwili baada ya Desemba ile. Amezikwa na miguu yake yote miwili, na macho ambayo mpaka mwaka jana yalikuwa bado yanatunga uzi kwenye sindano. Siku ya tatu baada ya maziko, mimi nikiwa nimelivaa tena gauni lilelile la bluu, wanawake walikaa chumbani mwake kugawa nguo. Magauni yake yote yalikuwa yameingizwa mishono. Chini ya nguo palikuwa na mkebe wa ugoro, na ndani ya mkebe, bila ugoro, ule uzi mweusi. Ulikuwa na mafundo manne. La kwanza tulilijua. Mengine alikuwa ameyapiga mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila kumwambia mtu, kila moja likielekea ndani kidogo.

Senge aliushika mpaka wengine walipotoka. Kisha akaniambia nitoe leso. Nikaitoa. Alizitazama pini mbili, akageuza upindo wa gauni ndani nje, akapitisha kidole mahali palipokuwa na akiba, na hapakuwa na kitu. Halafu akanizungusha, akainua misuko yangu kutoka shingoni. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ni kamba ya kitambulisho cha kazi, Senge," nikasema. "Inatoa rangi."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka kabla sijalisikia. Nje walikuwa wanakunja mahema. Nikawaza juu ya chai ninayokunywa ofisini, usingizi wa saa nane mchana, chembe zangu ambazo huenda bado ziko.

"Nipime," nikasema.

Akachomoa uzi mpya kwenye kibweta, akauzungusha juu ya gauni la bluu, akaukata kwa meno. Akapima kwa kidole gumba. Akapiga fundo moja, akalikaza, akaniwekea uzi kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Kesho asubuhi usinywe chai," akasema.